Mkanda wa Injini Unapolia: Fundi Anajibu Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wenye magari yaliyokwishatumika miaka mingi, nazo zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: ile sauti inayotoka ubavuni mwa injini, kule mikanda inakozunguka, maana yake ni nini na inaondolewaje. Nimechagua tano, nimezifupisha kidogo, na nimezipanga ili hata msomaji ambaye hajawahi kushika spana aweze kufuatana nami.

SWALI: Shikamoo, fundi. Nina gari la mwaka 1999 lenye injini ya silinda nne, nililolinunua likiwa limekwishatembea kilomita 210,000. Kila asubuhi nikiliwasha hulia kwa sauti kali kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha hunyamaza. Jioni nikizungusha usukani hadi mwisho ili niegeshe, hulia tena. Katika miezi minne fundi wangu amebadilisha mkanda mara mbili, na kila mara utulivu umedumu wiki moja au mbili tu. Je, mikanda inayouzwa siku hizi ni mibovu, au kuna jambo ambalo hatujaliona?

JIBU: Marahaba. Kuna jambo ambalo hamjaliona, na mikanda yote miwili imekuwa ikijaribu kuwaambia. Mkanda haulii kwa hiari yake. Hulia kwa sababu ya yale unayotendewa na puli, yaani magurudumu madogo unayoyazungukia, na ndiyo maana kuubadilisha bila kutafuta kinachoufanya ulie ni sawa na kufuta maji sakafuni huku bomba likiendelea kuvuja.

Tuanze na kazi ya mkanda wenyewe. Puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini), ile iliyo chini kuliko zote, huzungushwa na injini moja kwa moja, na mkanda huichukua nguvu hiyo na kuigawia alteneta (inayozalisha umeme), pampu ya maji, pampu ya pawa stelingi (inayorahisisha usukani) na kompresa ya kiyoyozi, kila gari kwa mpangilio wake. Nguvu hupita kwa msuguano tu, kati ya mpira na chuma. Mzigo wa kifaa kimojawapo unapozidi mshiko wa mkanda kwenye puli yake, mkanda hukimbia na puli hubaki nyuma, mpira hujikwaruza juu ya chuma kwa mtetemo wa haraka sana, na mtetemo huo ndio mlio unaousikia.

Sasa zitazame nyakati mbili ulizozitaja. Asubuhi, kuwasha injini kumetoka kunyonya umeme mwingi katika betri, kwa hiyo alteneta inafanya kazi kubwa ya kuurudisha, na huenda mkanda una umande juu yake. Jioni, usukani ukifika mwisho, shinikizo ndani ya pampu ya pawa stelingi hupanda hadi kilele na pampu inakuwa nzito kuzungushwa. Zote mbili ni nyakati za mzigo mkubwa. Gari lako linalia pale tu mkanda unapodaiwa zaidi ya uwezo wa mshiko wake, na hiyo ni dalili ya kuteleza. Kama unataka kuthibitisha, liwashe likiwa limesimama, washa taa kubwa, feni ya hewa ya ndani na kipasha joto cha kioo cha nyuma kwa pamoja. Mkanda ukilia, alteneta ndiyo inayoushinda. Ukinyamaza kwa umeme lakini ukalia kwa usukani, elekeza macho kwenye pampu ya usukani.

Sikio lizoee kutofautisha sauti tatu. Mlio mrefu usiokatika, mkali kama filimbi, ni wa mkanda kuteleza. Mlio mfupi unaojirudia kwa mapigo, kama wa kifaranga aliyeachwa na mama yake, na ambao kasi yake hupanda pamoja na mzunguko wa injini, mara nyingi hutokana na puli zisizo kwenye mstari mmoja, ambapo kila tuta la mkanda (ile mistari iliyoinuka upande wa ndani wa mkanda mpana) huingia mfereji wake kwa ubavu badala ya kuingia moja kwa moja. Sauti ya tatu, ya kunguruma au kusaga, si ya mkanda hata kidogo bali ni ya beringi, kile kipande chenye gololi kinachoiwezesha puli kuzunguka kwa ulaini, nami nitaieleza katika barua ya nne.

Kipo kipimo rahisi ambacho mafundi wa mikanda ya matuta hukitumia, na hakihitaji kifaa chochote zaidi ya chupa ya kupulizia yenye maji safi. Injini ikiwa inaunguruma taratibu na kelele inasikika, pulizia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, wenye matuta, huku mikono, mikono ya shati, nywele na shanga vikiwa mbali na kila kinachozunguka. Mlio ukiongezeka, mkanda umelegea na maji yameuongezea utelezi. Mlio ukikatika papo hapo na kurudi baada ya muda mfupi maji yanapokauka, shida ni puli zisizonyooka, kwa kuwa maji yalilainisha tu ule mkwaruzo wa ubavuni. Nimekiona kipimo hiki kikiokoa saa nyingi za kubahatisha.

Inabaki kueleza kwa nini kelele hurudi baada ya wiki moja au mbili. Sababu ya kwanza, na ninaishuku kuliko nyingine zote, ni kwamba mkanda mpya hukaa vizuri zaidi ndani ya mifereji na kunyumbuka kidogo katika saa zake za kwanza za kazi, na kwenye injini ambayo mkanda wake hukazwa kwa mkono lazima mtu arudi kuukaza upya. Asiporudi, unabaki umelegea, unateleza, unapata joto, uso wake unakuwa mgumu na kung'aa kama kioo, na kuanzia hapo hata ukikazwa hautashika tena kama zamani. Sababu ya pili ni mafuta. Chungulia kwa tochi sehemu ya juu ya mkanda: je, kuna oili inayochuruzika kutoka kwenye kifuniko cha vali, mafuta ya pawa stelingi yanayodondoka kwenye kiungo cha mpira, au maji ya rejeta yaliyokauka na kuacha chaki ya rangi? Mkanda uliolowa oili hulainika, huvimba na kupoteza umbo, wala hausafishiki ukarudi kuwa mpya. Ziba mvujo kwanza, safisha puli zote, kisha ndipo uweke mwingine.

Sababu ya tatu ni puli yenyewe kuchakaa. Kama mkanda wako ni ule mwembamba wa umbo la V, ujue kwamba hushika kwa mbavu zake mbili, si kwa kitako. Ukiona kitako cha mfereji wa puli kinang'aa kama kijiko kilichosuguliwa, mkanda umekuwa ukikaa chini kabisa badala ya kubanwa kwa pembeni, ama kwa kuwa mfereji umelika ama kwa kuwa mkanda ni mwembamba kuliko ule unaotakiwa. Mkanda wa aina hiyo utalia hata ukiukaza mpaka mwisho.

Na sababu ya nne nilikutana nayo mwenyewe. Nililetewa gari ambalo mkanda wake ulikuwa umebadilishwa mara tatu. Niliweka rula ndefu ya chuma ikigusa uso wa puli ya krenki na uso wa puli ya pampu ya maji, ikalala sawasawa. Nilipoisogeza hadi kwenye alteneta, mwanga ukapita kati ya rula na puli, upana wa sarafu. Alteneta ilikuwa imetolewa kutengenezwa miezi kadhaa nyuma, na wakati wa kuirudisha washa moja nene ilisahaulika nyuma ya mguu wake. Washa ile iliporudi mahali pake, mkanda uleule uliokuwa ukilaumiwa ulinyamaza. Kwa hiyo muulize fundi wako, au mwenye gari aliyetangulia kama unampata, ni kifaa gani kilichofunguliwa upande huo kabla kelele haijaanza.

SWALI: Fundi, nakusalimu. Mimi ni mwalimu, gari langu ni la mwaka 1996 na lina mikanda miwili, mmoja wa alteneta na pampu ya maji, mwingine wa pawa stelingi. Yote miwili ina nyufa na mmoja umeanza kuchanika ukingoni. Ningependa kuibadilisha mwenyewe, kwa kuwa nimeambiwa si kazi ngumu. Naomba unielekeze, na unieleze pia namba zilizochapwa mgongoni mwa mkanda zina maana gani.

JIBU: Dada yangu, uliyekuambia si kazi ngumu amesema kweli, mradi injini yako ina nafasi ya mkono kupita. Baadhi ya injini zilizolazwa kwa upana zimesukumwa karibu sana na ubavu wa gari, na huko itakubidi uliinue gari kwa jeki, uliegemeze kwenye stendi imara, uondoe tairi la mbele na kile kifuniko cha plastiki kilicho ndani ya upinde wa tairi. Usiingize mwili wala mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Tuanze na namba, kwa kuwa makosa mengi hufanyika dukani kabla hata spana haijashikwa. Mkanda ulioandikwa 4PK900 una matuta 4, wasifu wake ni PK, ambao ndio wa kawaida kwenye magari, na urefu wake wa kazi ni milimita 900. Ule wa umbo la V ukiandikwa AV10x900 una upana wa milimita 10 upande wa juu na urefu wa milimita 900. Ukienda kununua, nenda na namba hizo, ukizilinganisha na zile za kitabu cha gari. Usitegemee kuunyoosha mkanda wa zamani sambamba na mpya, maana wa zamani unaweza kuwa umerefuka, au aliyeuweka mwanzo naye alikosea. Tofauti ya milimita chache inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mkanda unaokazika na ule ambao kikazio chake kimefika mwisho na bado umelegea.

Injini iwe imepoa kabisa, na ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwenye swichi. Fungua waya wa hasi wa betri. Feni ya umeme ya rejeta katika magari mengi huweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa, na ncha ya spana ikigusa waya mnene wa alteneta na bodi la gari kwa pamoja, cheche zake ni za kutisha. Kisha, kabla hujalegeza chochote, piga picha au chora kwenye karatasi jinsi kila mkanda unavyopita, puli kwa puli. Kwa mikanda yako miwili mifupi utaona kama ni kupoteza muda, lakini mwenzako mwenye mkanda mmoja mrefu unaozunguka vifaa vyote, ukipita juu ya hiki na chini ya kile, atajuta asipofanya hivyo, kwa kuwa ukipitishwa vibaya unaweza kuizungusha pampu ya maji kinyumenyume.

Mkanda ulio nje ndio unaotoka kwanza, hata kama mbovu ni wa ndani. Kwenye alteneta utakuta bolti mbili za maana: moja ndefu ambayo alteneta hubembea juu yake, na nyingine ya kufungia kwenye mkono wa kurekebishia. Mara nyingi kuna na bolti ya tatu, nyembamba na ndefu, ya kuvutia. Legeza zile mbili kwanza, nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja, ndipo uigeuze ya tatu. Watu wengi huivunja ile ya tatu kwa kuilazimisha huku mbili za kwanza zikiwa zimekaza. Sukuma alteneta kuelekea kwenye injini, mkanda utalegea, uvue kwa vidole. Usiuchokonoe kwa bisibisi, wakati wa kuvua wala wa kuvalisha, kwani ncha yake huacha kovu kwenye puli laini na kukata nyuzi zilizo ndani ya mkanda, zile zinazobeba nguvu yote.

Hapa nakuomba usiharakishe. Mikanda ikiwa nje, una nafasi ambayo hutaipata tena kwa muda mrefu. Zungusha kila puli kwa mkono: iende kimya na kwa ulaini, isikwame, isichezecheze ukiitikisa mbele na nyuma. Ukihisi kama kuna mchanga ndani yake, beringi imekwisha, na mkanda mpya utaanza maisha yake ukivuta mzigo wa kuuharibu. Chota uchafu ulioganda ndani ya mifereji kwa brashi ngumu, maliza kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki, kisha acha zikauke. Kokoto moja ndogo iliyoganda mferejini inatosha kutoboa tuta la mkanda kila mzunguko.

Valisha mkanda mpya, kisha pitisha kidole puli moja baada ya nyingine, hata zile ambazo huzioni, uhakikishe hakuna tuta lililobaki nje ya ukingo. Kosa hili ni jepesi kufanya na halionekani ukiwa umesimama juu. Tuta moja likining'inia nje, mkanda huanza kuchanika ukingoni, kama ulivyochanika huo wako. Ukaze kidogo, kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki na kwa upande ambao injini huzungukia ikiwa inafanya kazi, ili mkanda utafute makazi yake.

Mkazo ndio roho ya kazi yote. Kitabu cha gari, na mara nyingine karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, hutoa kipimo chake, nacho kikipatikana kifuatwe. Kisipopatikana, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu kuliko zote kati ya puli mbili, kwa nguvu kama ya kilo 10: mkanda wa V wa urefu wa kawaida ubonyee kiasi cha milimita 10, na ule wa matuta ubonyee pungufu ya hapo. Ukilegea utateleza. Ukikaza kupita kiasi hutausikia ukilia, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa utakuwa ukiziua polepole beringi za alteneta na pampu ya maji, vifaa vya gharama kubwa kuliko mkanda mara nyingi. Ukiridhika, funga kwanza bolti ya mkono wa kurekebishia, halafu ile ya kubembelea, kisha pima tena, maana kukaza bolti hizo nako husogeza alteneta kidogo.

Rudisha waya wa betri, liwashe gari kwa dakika tano hivi, lizime, ondoa ufunguo, na upime mkazo kwa mara nyingine. Pima tena baada ya siku chache za kuliendesha. Ukifanya hivyo, hutakuwa na haja ya kuandika barua kama ya msomaji aliyekutangulia.

SWALI: Jirani yangu hupaka sabuni kavu kwenye mkanda wake, na dukani kuna dawa ya kopo ya kupulizia mikanda inayolia. Ipi ni bora?

JIBU: Hakuna iliyo bora kati yake. Sabuni hulainisha na kunyamazisha kwa muda, huku utelezi uliokuwa ukilalamikiwa ukizidi, na chaji ya betri ikipungua bila mtu kujua. Dawa ya kopo hufanya kinyume, huacha unatonato unaoshika kwa siku kadhaa, kisha hukusanya vumbi na mchanga hadi mkanda ukawa kama msasa juu ya puli. Kwenye mkanda wa matuta ni vibaya zaidi, kwa sababu mifereji huziba. Mkanda unaofanya kazi sawasawa hautaki kupakwa kitu chochote.

SWALI: Fundi, gari langu halilii bali linanguruma, kama jiwe linalosagwa, na sauti hupanda nikikanyaga mafuta hata likiwa limesimama. Gereji moja imeniambia nibadilishe alteneta, pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi vyote kwa pamoja ili tuwe na uhakika. Je, hakuna njia ya kumjua mkosaji kwanza?

JIBU: Ipo, na inachukua muda mfupi kuliko kuandika orodha ya spea hizo tatu. Injini ikiwa imepoa, vua mkanda, au mikanda yote kama ni zaidi ya mmoja, kisha washa injini kwa sekunde zisizozidi 30. Taa ya betri itawaka, usishtuke. Lakini usizidishe muda huo, kwa kuwa pampu ya maji huenda imesimama na maji hayazunguki. Ngurumo ikitoweka, mkosaji ni mmoja wa wale waliokuwa wakizungushwa na mkanda. Ngurumo ikibaki, tatizo liko ndani ya injini au nyuma ya kifuniko cha taimingi (kinachofunika mkanda au cheni ya kuendeshea vali), na vifaa vitatu ulivyotajiwa havina hatia.

Ikiwa imetoweka, zungusha puli mojamoja kwa mkono. Beringi iliyokufa hujitambulisha: huenda kwa mikwaruzo, au huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida huku ikitoa sauti ya chuma kikavu. Usiisahau puli ndogo ya kuongozea mkanda wala ile ya tenshena, ambazo hazina kazi nyingine zaidi ya kuuelekeza na kuubana mkanda, na ambazo kwa uzoefu wangu ndizo huwa na hatia mara nyingi huku vifaa vikubwa vikishtakiwa. Kwa pampu ya maji, tafuta tundu dogo chini ya shingo yake. Alama ya maji yaliyokauka chini ya tundu hilo ina maana sili ya ndani imepitisha maji, na beringi haitadumu. Kwa kompresa, elewa kwamba puli yake huzunguka juu ya beringi yake wakati wote, hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kwa hiyo ngurumo inayosikika kimezimwa na kubadilika ukikiwasha hukuelekeza kwenye beringi hiyo ya puli, ambayo katika kompresa nyingi hubadilishwa peke yake bila kugusa gesi.

Kama bado hujui, rudisha mkanda, washa injini, na utumie bisibisi ndefu: ncha yake iguse mwili wa kifaa, mbali kabisa na mkanda na feni, na mpini wake uwe karibu na sikio lako. Alteneta nzima hutoa uvumi mwembamba ulio sawa. Iliyokwisha husikika kama ina changarawe tumboni. Mtu akishaisikia tofauti hiyo mara moja, hawezi kuisahau.

Nikiwa hapa, niseme neno kuhusu puli ya krenki, kwa kuwa katika magari ya umri huu husahaulika kabisa. Puli hiyo mara nyingi ni vipande viwili vya chuma, kitovu na pete ya nje, vilivyounganishwa kwa mpira ili kupunguza mtetemo wa krenki. Mpira huo ukizeeka, pete huanza kuyumba au kuteleza juu ya kitovu. Simama ubavuni, mbali kidogo, utazame ukingo wake injini ikizunguka taratibu: ukiona unacheza ndani na nje kama tairi lililopinda, hakuna mkanda utakaokaa kimya juu yake, na siku moja pete inaweza kuchomoka yote. Hapo badilisha puli bila kusubiri.

SWALI: Nimenunua gari la mwaka 2001 ambalo lina mkanda wa taimingi. Aliyeniuzia alisema ulishabadilishwa, lakini hana karatasi. Sasa nasikia sauti ya kukwaruza nyuma ya kifuniko cha plastiki. Nisubiri ulie kama mikanda mingine, ndipo niubadilishe?

JIBU: La, ndugu yangu, usisubiri hata kidogo, na ningependa usiliendeshe mbali kabla kifuniko hicho hakijafunguliwa. Mkanda wa taimingi haufanani na mikanda ya nje tuliyoizungumza. Una meno yanayoingia kwenye meno ya puli, kwa hiyo hautelezi na kulia kabla ya kukatika. Mara nyingi hukatika bila kutoa taarifa. Mpango huu si wa jana: gari la kwanza kuundwa kwa wingi likiwa na mkanda wa meno wa kuzungushia kamshafti, mhimili unaofungua vali, lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962, na tangu wakati huo mkanda umependwa kwa kuwa ni mwepesi na tulivu kuliko cheni, lakini una umri wake maalumu.

Kazi yake ni kuhakikisha vali zinafunguka na kufunga kwa wakati unaolingana na mwendo wa pistoni. Katika injini nyingi, vali ikifunguka na pistoni ikipanda hadi juu hutumia nafasi moja kwa zamu. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama huku krenki ikiendelea kuzunguka, na pistoni huzigonga vali zilizobaki wazi na kuzipinda. Zipo injini zilizoachiwa nafasi ya kutosha hata hili lisitokee, lakini usijifariji kuwa yako ni mojawapo mpaka uthibitishe kwa namba ya injini.

Sauti unayoisikia inaweza kuwa ya beringi ya tenshena, ya pampu ya maji ikiwa huzungushwa na mkanda huo, au ya mkanda wenyewe uliohama kidogo na kusugua kifuniko. Kifuniko cha juu kwa kawaida hushikwa na bolti chache, na kukifungua kunatosha kuona mengi: meno yaliyolika mzizi, ukingo wenye nyuzi zinazochomoza, unga mweusi uliolala pembeni, au oili kutoka kwenye sili ya kamshafti. Hata hivyo, mkanda ukionekana mzuri usiuamini kwa sura peke yake. Nyufa zilikuwa kipimo kizuri kwa mikanda ya zamani ya mpira wa neoprini. Mpira wa EPDM unaotumika kwenye mikanda mingi ya nje ya siku hizi hulika bila kupasuka, na mkanda wa taimingi unaweza kuwa umechoka ndani ya nyuzi zake huku mgongo ukiwa laini. Watengenezaji wengi hutaka ubadilishwe kati ya kilomita 100,000 na 160,000, na huweka pia kikomo cha miaka, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limelala.

Neno la muuzaji bila karatasi lisikutulize. Nunua seti nzima: mkanda, tenshena, puli za kuongozea na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo, pamoja na sili za kamshafti na krenki, kwa kuwa kazi kubwa ni kufungua na kufunga, na beringi kuukuu iliyoachwa ndani itaukata mkanda mpya. Ukiwa si mzoefu, hii mpe fundi anayeijua injini hiyo, mtu atakayeweka alama za taimingi mahali pake, azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, na kuhakikisha alama zote zimerudi kukutana kabla ya kugusa swichi. Mwombe akuonyeshe mkanda uliotolewa. Kisha andikeni tarehe na kilomita kwenye karatasi ya kubandika, muibandike juu ya kifuniko kipana cha injini, ili atakayelinunua gari hilo kutoka kwako asilazimike kuliuliza swali hili.